Njia ya Mathenge

Tsuma Ziro aliuawa saa nne asubuhi, Jumanne, wakati dada yake Kahaso ameketi kwenye benchi la hospitali mjini Garsen akingoja kutolewa damu.

Chuo kikuu ndicho kilichotaka apimwe: damu, macho na kifua, kisha daktari atie muhuri. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili aanze masomo ya jiografia. Picha ndogo alikuwa nazo, nakala za cheti cha kuzaliwa alikuwa nazo, shuka mbili na barua ya chifu vilikuwa vimeshapangwa kwenye begi. Fomu ya hospitali tu ndiyo iliyosalia. Nesi alikuwa ameshaingiza sindano mkononi simu ilipolia.

"Kahaso, rudi nyumbani," alisema mama yake, Sidi. Hakuwa analia. Sauti ilimtoka kavu kama ya mtu aliyekula unga mtupu. "Rudi sasa hivi, na usipite upande wa malisho."

"Kuna nini, mama?"

"Tsuma wamemkata."

Nesi alimwambia atulize mkono. Kahaso aliichomoa sindano mwenyewe, akatoka mbio, damu ikimchuruzika mpaka kwenye vidole, na kijana wa bodaboda aliyempakia hakuthubutu kumuuliza chochote mpaka kijijini kwao, Mtsangani.

Walikuwa wamemlaza Tsuma kwenye mkeka mbele ya nyumba. Panga lilikuwa limempata mara tatu: shingoni, begani na mgongoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu, na mtu mmoja alikuwa ameuweka vizuri kifuani pake kana kwamba utaunga. Alikuwa ameanguka kifudifudi shambani, mdomo wazi, na udongo mweusi wa mtoni ulikuwa umemjaa kinywani. Sidi alikuwa amepiga magoti, anamtoa mwanawe udongo kwenye meno kwa ncha ya leso, jino moja baada ya jingine, polepole, kama anavyosafishwa mtoto aliyekula asichotakiwa kula. Wanawake wengine walipiga mayowe. Yeye hakupiga.

Habari yenyewe aliisimulia baba mdogo, Nyale, mdogo wa marehemu baba yao. Ng'ombe zaidi ya mia walikuwa wameingia kwenye pojo zilizobakiza wiki moja kuvunwa. Yeye na Tsuma walikwenda kuwafukuza. Wachungaji watatu walikataa kuwatoa, maneno yakapanda, Tsuma akamkata ng'ombe mmoja mshipa wa mguu. Hapo hapo wakamrukia.

"Na wewe ulikuwa wapi?" mzee mmoja aliuliza.

Kila mtu aliyekuwapo aliliona shati la Nyale la kazini, halina hata tone la damu, na miguu yake iliyochubuliwa na miiba alipokuwa akikimbia. Hakuna aliyelisema. Lakini aibu ya mwanamume haihitaji kusemwa ndipo imchome, na kuanzia saa ile Nyale alikuwa mtu mwingine.

"Ni wa Dida Rooba," alisema. "Nimewaona kwa macho yangu. Wa Dida Rooba!"

Kahaso alilijua jina hilo kuliko wote, maana Dida Rooba kilikuwa kijiji cha rafiki yake Gumato.

Gumato Wario na Kahaso walikuwa wamesoma pamoja miaka minne, dawati moja, wakigawana rula na dawa ya meno. Mwalimu wao wa jiografia, Madam Beryl, mwanamke kutoka Homa Bay asiyejua kucheka ila anapoona mto, ndiye aliyemwambia Kahaso matokeo yalipotoka: "Usiende chuoni na mikono mitupu. Wenzako watakwenda na tarakilishi. Wewe nenda na nchi yako. Itembee, ipime kwa hatua, ichore." Kwa hiyo mwezi wa nane wote Kahaso alikuwa anavuka kwenda Dida Rooba. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa kwa bibi yake Gumato, ambaye wote walimwita Akko, kisha wasichana wale wawili walitoka na dira ya Madam na daftari kubwa, wakahesabu hatua mpaka jua linawapiga utosini. Walichora mikondo ya mto iliyokufa na inayoishi. Walichora malka, yaani zile njia ambazo ng'ombe hushukia mtoni kunywa maji. Na walichora mathenge.

Mathenge ni mti wa miiba uliokuja wenyewe, au uliletwa, wazee hawakubaliani. Alichojua kila mkulima wa Mtsangani ni kwamba umeifunga nchi nzima baina yao na Dida Rooba, na mwiba wake ukikuingia unaoza ndani. Wafugaji walikuwa wameweka kijiji chao nyuma yake kama watu walivyoweka vijiji nyuma ya kuta zamani. Kulikuwa na njia moja tu ya kupenya, nyembamba, yenye kona saba na panda moja: ukishika kulia unafika kijijini, ukishika kushoto unaingia mahali pasipotokea. Mzee Wario, babake Gumato, aliwapitisha humo yeye mwenyewe, akitangulia na mkuki wake begani.

"Njia hii mkulima hajui," alimwambia Kahaso kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wewe sasa najua."

"Itatupeleka chuo kikuu, Abba," Gumato alisema, wakacheka wote watatu.

Daftari hilo Kahaso alimwonyesha kila mtu nyumbani. Nyale alikuwa amelipindua kurasa zote, akatikisa kichwa kwa fahari, akasema mtoto wa kaka yake ana mkono wa mzungu.

Tsuma alizikwa Jumatano mchana. Polisi walikuja, wakaandika, wakapiga picha, wakaondoka na ahadi. Watu walipokuwa wanatoka kaburini, Nyale alimfuata Kahaso nyuma ya jiko. Alikuwa na wanaume wanne ambao Kahaso hakuwajua, watu wa vijiji vya mbali, kila mmoja ana panga jipya, na mmoja alikuwa na upinde na podo lililofungwa kwa plastiki.

"Kahaso, lile daftari lako liko wapi?"

"Lipi, baba mdogo?"

"La michoro. Hawa ndugu zetu ni wageni, na hata sisi wenyeji hatujui pa kupenyea. Wewe unajua."

Sidi alikuwa jikoni, amekaa mbele ya moto usio na chungu. Alisikia kila neno. Hakugeuka.

"Mnataka kufanya nini?" Kahaso aliuliza.

"Kuchukua ng'ombe. Basi! Wao wamechukua mtu, sisi tuchukue mnyama. Hakuna atakayeguswa."

Kahaso alimtazama machoni, na Nyale aliyapeleka macho yake pembeni. Kahaso alijua. Baadaye maishani mwake alijaribu mara nyingi kujidanganya kwamba hakujua, na kila mara alishindwa. Alijua kama unavyojua kwamba chungu kina moto kabla hujakigusa. Lakini mbele ya macho yake palikuwa na ncha ya leso na meno ya Tsuma, na kitu fulani ndani yake kilitaka mtu, mtu yeyote wa upande wa pili, afunguliwe kinywa na kutolewa udongo.

Akaingia ndani, akalileta daftari. Akalifungua juu ya kinu kilichogeuzwa, akawaonyesha kwa kidole. Hapa ndipo mnapoingilia, pana mti uliopigwa radi. Hapa mnahesabu kona. Hapa pana panda, msishike kushoto hata kama kunaonekana kupana, kushoto hakutokei. Walimsikiliza kama wanafunzi. Na alipomaliza, na Nyale ameshaanza kulifunga daftari, Kahaso aliongeza neno moja ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Nendeni saa sita," alisema. "Saa sita wanaume wote huwa malka wananywesha. Kijijini hubaki wanawake, watoto na wazee."

Mmoja wa wale wageni alitabasamu.

Alhamisi asubuhi watu walianza kukusanyika uwanjani, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu, wakafika kama arobaini. Kahaso alikuwa anateka maji alipoiona pikipiki ya mwisho. Nyuma yake palifungwa mitungi miwili ya plastiki, ya manjano, na harufu yake ilimfikia kabla ya pikipiki yenyewe. Petroli.

Alidondosha ndoo, akamkimbilia Nyale.

"Baba mdogo! Ng'ombe wanachukuliwa na petroli?"

"Rudi nyumbani."

"Ulisema hakuna atakayeguswa! Nipe daftari langu."

Nyale alimsukuma kwa kiganja kifuani, akaanguka chali. Wanaume wakacheka, pikipiki zikawashwa. Kahaso alipojiinua, vumbi lilikuwa limeshawafunika.

Alimpigia Gumato. Mteja hapatikani. Dida Rooba haikuwa na mtandao. Gumato hupanda kichuguu jioni ndipo apate simu. Alimpigia chifu, chifu alikuwa mkutanoni Hola, akasema atawaambia polisi wa Garsen, nao polisi wa Garsen kwa gari wangelazimika kuzunguka mbali mpaka darajani. Kahaso alitazama jua. Saa nne na nusu. Wanaume walikuwa wamefuata barabara ya pikipiki mpaka kwenye mdomo wa mathenge, kisha wangetembea. Kwa hesabu za daftari lake mwenyewe, hatua elfu tisa. Lakini palikuwa na mkato mmoja ambao hakuwa ameuchora, kwa sababu Madam Beryl alimkataza kuchora njia ambayo mtu mwenye akili hawezi kuipita: kukata moja kwa moja mto uliokufa.

Mama yake alimkuta anavua viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia."

Sidi alimshika mkono, akaukaza mpaka kucha zikaingia. "Nina mmoja tu sasa," alisema. "Unanisikia? Mmoja."

"Mimi ndiye niliyewapa, mama. Ulikuwepo."

Sidi alimwachia polepole, kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani.

Maji yalimfika Kahaso kifuani. Yalikuwa ya kijani, mazito, na chini palikuwa na matope yaliyomshika miguu. Katikati ya mto ule mfu aliona gogo upande wake wa kushoto, na gogo lile likazama bila sauti. Hakupiga kelele. Alijitupa mbele, akanywa maji, akanyakua mizizi ya ukingo wa pili, akapanda na magoti yakichanika. Hakutazama nyuma. Alikimbia peku juu ya nchi iliyopasuka, na miiba ya mathenge iliyoanguka ikamwingia nyayoni mmoja baada ya mwingine.

Gumato alikuwa nje ya nyumba ya nyasi, anaosha vibuyu vya maziwa. Alipomwona Kahaso yuko hivyo alivyo, matope mpaka nywele, alisimama na kibuyu mkononi.

"Pole, nimesikia habari za Tsuma, nilitaka kuja lakini Abba..."

"Tokeni!" Kahaso alipiga kelele. "Wanakuja. Wako ndani ya mathenge. Wana petroli. Chukueni watoto mkimbie malka!"

Wanawake walitoka kwenye nyumba zao. Wengine walimtazama kama mwendawazimu. Mmoja alimuuliza kwa hasira watu hao wangepita wapi, mathenge haipitiki. Mwingine, mjamzito, aitwaye Fardosa, hakuuliza; alibeba mtoto mmoja mgongoni, mwingine akamkamata mkono, akaanza kukimbia kuelekea mtoni, na wenzake kumwona yeye, wakamfuata. Robo tatu ya kijiji iliokoka kwa sababu ya miguu ya Fardosa.

Wengine hawakuwahi.

Wa kwanza kufa alikuwa Maalim Abdirizak, mwalimu wa madrasa, mzee aliyekuwa anaona kwa jicho moja. Alitoka na mikono juu, akawaendea wale watu waliokuwa wanatokeza kwenye miiba, akisema nao kwa upole kwamba wazungumze. Mshale ulimpata tumboni. Alikaa chini, akaushika kwa mikono miwili akiutazama, na mtu aliyempita alimkata kisogoni bila hata kusimama. Kisha petroli ikamwagwa. Nyumba za nyasi na mikeka haziungui kama nyumba nyingine. Hulipuka. Moja, mbili, nne, na joto likawa ukuta. Mtoto alilia ndani ya moshi, kisha hakulia tena. Mwanamke alipita mbele ya Kahaso, leso yake inawaka, na wanaume wawili wanamfukuza na mapanga kama wanaofukuza kuku.

"Akko!" Gumato alisema, akageuka.

Bibi yake hakuweza kutembea tangu mwaka uliopita. Nyumba yake ilikuwa imeshashika moto juu. Gumato aliingia akiinama, na Kahaso akaingia nyuma yake. Hawakuona kitu. Waliusikia mkono wa bibi ukipapasa, wakaushika, wakamvuta, na walipofika mlangoni paa likaanguka, likamwangukia Gumato mgongoni. Alipiga ukelele ambao Kahaso hakuwahi kuusikia kwa binadamu. Lakini hakumwachia bibi. Wote watatu wakatokea nje, Gumato gauni linawaka, Kahaso akamzima kwa mikono na kwa mchanga.

Alipoinua kichwa, Nyale alikuwa amesimama mbele yao. Panga lake sasa lilikuwa na damu. Uso wake ulikuwa unang'aa, umetulia, kama uso wa mtu aliyelipa deni zito.

"Kahaso? Toka hapo."

"Baba mdogo, ulisema ng'ombe."

"Toka, nimekwambia!"

"Huyu ni bibi kizee. Hatembei. Tsuma hakuuawa na huyu."

"Wote ni wamoja," Nyale alisema, akainua panga.

Lilikuwa limelengwa kwa Akko. Kahaso aliutanguliza mkono wake wa kushoto, na panga likauingia chini ya kiwiko mpaka mfupani. Hakusikia maumivu. Alisikia sauti tu, kama ya kuni mbichi. Nyale alilichomoa, akautazama mkono ule uliofunguka, akamtazama Kahaso, na ule utulivu ukamtoka usoni wote kwa mara moja.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikutaka..."

Mkuki ulimwingia kwa nyuma, ukatokeza chini ya mbavu.

Wanaume wa Dida Rooba walikuwa wameuona moshi kutoka malka. Nyale alipiga magoti, akaushika upindo wa gauni la Kahaso, akakaa hivyo kitambo kifupi akiwa anamtazama kama anayemwomba amsomee kitu, kisha akaanguka. Mzee Wario alimkanyaga mgongoni ili auchomoe mkuki. Akauelekeza kwa Kahaso. Macho yake yalikuwa meupe, hayamjui mtu.

"Abba!" Gumato alilia kutoka mchangani. "Huyu alikuja kutuambia! Alikuja kutuambia, Abba!"

Wario alisimama hivyo, mkuki juu, akihema. Kisha akampita, akawafuata wengine.

Wavamizi walikuwa wanakimbia kurudi kwenye mathenge. Daftari lilikuwa limechomekwa kiunoni mwa Nyale, na Nyale alikuwa amelala kifudifudi. Kwenye panda, wengi walishika njia waliyojia wakaokoka. Watano walishika ile isiyotokea, mahali panapoonekana kupana. Kahaso aliwasikia. Aliwasikia wakiitana majina, kisha wakigundua, kisha wakiomba kwa Kigiriama, lugha ya mama yake, wakiwa wamenaswa ndani ya miiba kama nguo. Iliwachukua wafugaji muda mrefu kuwamaliza.

Kijijini walikufa saba. Wavamizi walikufa sita.

Hospitali ya Garsen iliwalaza Kahaso na Gumato wodi moja, vitanda viwili katikati yao. Kahaso alishonwa nyuzi ishirini na tatu. Gumato alilala kifudifudi, mgongo umefunikwa kwa shashi ya manjano, na kila ilipobadilishwa wodi nzima ilijua. Nje, magari ya askari yalipita kutwa, na amri ya kutotoka nje ikatangazwa.

Kila siku Mzee Wario alikuja na kibuyu cha maziwa. Siku ya kwanza alimpa binti yake, kisha akamimina kikombe cha pili akampelekea Kahaso, akasimama mpaka alipomaliza kunywa. Watu wake walipokuja kuwaona majeruhi, aliwaonyesha: "Huyu mtoto ya mkulima. Huyu alivuka mto ya mamba. Kama si huyu, Fardosa hakuna, watoto hakuna." Wanawake wakamshika Kahaso kichwani, wakamwombea dua. Alinywa maziwa yale siku mbili. Siku ya tatu yalimrudi yote sakafuni.

Gumato alimtazama akitapika.

"Kahaso," alisema, shavu lake limebanwa na mto. "Hivi walijuaje njia?"

Hakuuliza kwa kushuku. Aliuliza kama walivyokuwa wakiulizana maswali ya mtihani.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Daftari. Niliwapa. Niliwaonyesha na panda. Na nikawaambia saa."

"Saa gani?"

"Saa sita. Kwamba wanaume huwa malka."

Mgonjwa mmoja alikohoa, mwingine akaita nesi.

"Walikuuliza saa?"

"Hawakuniuliza."

Gumato alijiinua. Hakuwa ameinuka tangu siku ile. Ngozi iliyoungua mgongoni ilipasuka, na maji yakaanza kumtiririka mpaka kiunoni. Alishika kitanda cha kwanza, akashika cha pili, akafika. Alikunja ngumi akampiga Kahaso juu ya ule mkono ulioshonwa, mara moja, kwa nguvu zake zote. Nyuzi zikaachia. Kahaso hakuuondoa mkono. Alingoja ngumi ya pili, aliitamani, haikuja.

"Abba akijua atakuua," Gumato alisema. "Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Akarudi kitandani kwake kwa njia ile ile, kitanda hadi kitanda, akageuza uso ukutani.

Kesho yake Wario alipomimina kikombe, Kahaso alikataa kukipokea. Alimwambia. Alimwambia yote, na saa pia, bila kulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kumwomba kitu. Wario alikaa chini sakafuni, kibuyu katikati ya miguu.

"Mimi nilikuonyesha njia," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Waliua kaka yako, mmoja ni mtoto ya ndugu yangu. Siku ile ile najua. Alikuja na damu kwa nguo, mimi nikamwambia choma nguo. Sikupeleka kwa polisi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi sikusema. Wewe umesema." Akanyanyuka, mifupa ikalia. "Vijana wetu watasikia. Mimi sitaweza kuzuia. Wewe ondoka kabla ya Ijumaa."

Alichukua kibuyu chake. Hakumpa mkono, wala hakumlaani.

Kahaso alimwita afisa wa upelelezi aliyekuwa anazunguka wodini, akaandikisha taarifa kurasa nne: majina ya waliokusanyika uwanjani, mitungi, daftari, na neno lake la mwisho kuhusu saa. Afisa alisimamisha kalamu hapo, akamuuliza kama ana hakika anataka hilo liandikwe. Akasema liandikwe, na afisa akamwambia angeitwa kutoka chuoni kesi ikifika. Wanaume wanane walikamatwa Mtsangani jioni hiyo. Jina la mtoto wa ndugu yake Wario aliliandikisha Wario mwenyewe, siku mbili baadaye. Hayo Kahaso aliyasikia akiwa mbali.

Sidi alifika hospitali Alhamisi alfajiri na begi. Kioo cha nyumba yao kilikuwa kimevunjwa kwa mawe, na mtu alikuwa ameandika kwa mkaa mlangoni neno ambalo hakulitaja. Daktari aliyemshona Kahaso mara mbili ndiye aliyemjazia fomu ya chuo, akatia muhuri.

"Usirudi nyumbani," Sidi alisema. "Hawa wanasema uliwasaliti, wale watasema uliwaua. Wote wana haki yao."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilikuwa jikoni." Alimfunga bendeji iliyolegea, akaikaza fundo. "Nilisikia yote, nikakaa kimya. Mimi nitabaki nyumbani, na Tsuma. Wewe nenda."

Alipopita kwenye kitanda cha Gumato, Kahaso alisimama. Gumato alikuwa macho. Walitazamana. Kahaso akainamisha kichwa akatoka.

Masomo yalianza na yeye akiwa na mkono umefungwa shingoni. Darasa lilikuwa na watu themanini, waliotoka kila pembe ya Kenya, na siku ya kwanza mhadhiri, mwanamume mnene mwenye sauti ya kanisani, aliwataka wasimame mmoja mmoja waseme jina na mahali wanapotoka, kwa maana, alisema, jiografia huanzia hapo. Walisema: Kitui, milimani. Busia, mpakani. Lodwar, joto. Watu wakacheka.

Kahaso alisimama. "Naitwa Kahaso Ziro. Natoka Tana River, upande wa Garsen."

Kijana mmoja wa safu ya mbele aligeuka, akaiona bendeji yake, na pengine hakukusudia ubaya. "Si ndiko kule wanakouana?"

Mhadhiri alifungua mdomo amkemee.

"Ndiyo," Kahaso alisema. "Ndiko kule tunakouana."

Akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.